Uliza Kilikuwa Kinabeba Nini: Niliyojifunza Nikigeuza Vyombo Chakavu Kuwa Makabati

Tulipohama nyumba ya vyumba vitatu kuja chumba na sebule huku Temeke, vitu vilikuja vyote. Kazi ya baba watoto ilikuwa imesimama, kodi ya kule haishikiki, na mwenye nyumba huyu alitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Ukishatoa hiyo, habari za kabati jipya zinakuwa za watu wengine. Keko, kwa mafundi wa samani, walinitajia laki tatu na nusu kwa kabati la nguo la milango miwili, tena la paini. La mninga sikuuliza.

Basi nguo zikakaa kwenye viroba, unga chini ya meza, vyeti vya watoto juu ya dirisha. Ukitafuta soksi unamwaga kiroba kizima kitandani, na usiku ukitaka kulala unakirudisha kizima.

Tulichokuwa nacho ni vikuukuu: tranka la shule la shemeji yangu, kitanda cha mama mkwe kilichovunjika ubavu, friji ambayo kompresa yake ilikufa, madumu ya njano, na lundo la jinzi zilizochanika magotini. Mtandaoni kazi ya kugeuza vitu kama hivi kuwa makabati inaonekana ya dakika tano na gundi. Ukweli ni kwamba kitu chakavu hakiji kwako mikono mitupu. Kinakuja na kutu, na kunguni, na harufu, na mabaki ya kile kilichokuwa ndani yake. Muda mwingi na hela nyingi zilikwenda kwenye kukisafisha kila kitu maisha yake ya zamani. Kukata na kupigilia kulikuwa kazi ndogo.

Tranka kwanza. Waliosoma bweni wanalijua: bati, komeo la kufuli, jina limeandikwa kifunikoni kwa rangi nyeupe. Lilikuwa limekaa miaka kwenye stoo inayovuja. Kabla hujatoa hata shilingi, ligeuze ugonge kitako kwa kifundo cha kidole. Bati zima linalia. Bati lililoliwa linatoa sauti butu, na vumbi jekundu linadondoka. Letu lilikuwa limeliwa kona mbili, nikalipeleka Gerezani, ambako nyundo za majiko na masanduku huanza asubuhi na mapema.

"Dada, nikuwekee kitako kipya. Viraka vitakurudisha hapa," fundi akasema. Akataka elfu kumi na tano, tukamalizana kwa kumi na mbili. Nilidhani ananitafutia kazi kubwa, lakini nilipoona alivyobandua kile cha zamani na kutu ilivyosambaa chini ya rangi, nikanyamaza.

Rangi yenyewe ndiyo iliyonipa wasiwasi. Rangi nyingi za mafuta za miaka ya nyuma zilitiwa madini ya risasi, na huwezi kujua kwa kuangalia. Ukiisugua na msasa mkavu, vumbi linatua sakafuni, mtoto anatambaa, mkono unaingia mdomoni. Risasi huathiri ubongo wa mtoto na madhara yake hayarudi nyuma. Kwa hiyo nunua msasa wa maji, bei haipishani sana. Sugua ukilowesha, nje, watoto wakiwa mbali, kisha futa kwa tambara bichi na ulitupe. Baada ya hapo inafuata rangi ya kuzuia kutu, halafu rangi ya mafuta mikono miwili. Uiache ikauke kwelikweli. Ikiwa bado inanuka, bado haijakauka, na shati jeupe litakuja kukwambia. Ndani nikatandika khanga iliyochakaa, zile zilizokwisha kuwa laini.

Mama mkwe akaja kutusalimia na zawadi ya vidonge vyeupe vya naftalini, vya kuzuia nondo na mende. Sikutaka kumvunja moyo, lakini nguo nyingi za humo zilikuwa za mtoto wa mwisho. Huku kwetu kwenye malaria wapo watoto wengi wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na wengi wao hawajawahi kupimwa. Mtoto wa namna hiyo akivaa nguo zilizokaa na naftalini, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Anapauka, macho yanakuwa ya njano, mkojo unageuka mweusi.

"Mama, hivi tuviweke mbali na nguo za mtoto," nikamwambia taratibu.

"Sisi tumelelea watoto wangapi na hivi vidonge, mwanangu?"

Alikubali siku tulipompeleka mtoto kliniki pamoja, nesi akamweleza. Tangu hapo naweka karafuu kwenye kitambaa kilichofungwa, au majani makavu ya mwarobaini. Sitakudanganya kwamba yanaua chochote. Kinachosaidia ni kuweka nguo safi, kavu kabisa, na kulifungua tranka lipate hewa, hasa wakati wa masika ambapo Dar hata ukuta unatoka jasho.

Tranka lililojaa ni zito, ukilivuta linachimba sakafu ya mwenye nyumba. Tulilifungia magurudumu manne. Usiyafunge moja kwa moja kwenye bati, litachanika siku ya kwanza utakapogonga kizingiti. Weka kipande cha ubao chini, bolti ipite bati na ubao, ndipo gurudumu lishike ubao. Juu tumeweka godoro la inchi mbili lenye kava. Wageni wanalikalia na hawajui wamekalia sweta.

Kitanda cha mama mkwe kilikuwa futi nne kwa sita, mninga, mbao ambazo leo ukizitaka mpya utafikiri mara mbili. Lakini kitanda cha mbao ni nyumba ya kunguni hadi uhakikishe vingine. Chukua tochi, chunguza kwenye maungio na kwenye matundu ya misumari ya chaga. Ukiona vidoa vidogo vyeusi vilivyosambaa kuzunguka tundu, hicho ni kinyesi chao, wenyewe wamo ndani. Tuliona vidoa. Majirani walishauri tuanike juani na yaishe. Kunguni na mayai yake hufa joto likifika nyuzi 50 na kupanda, ila jua la uani halifikishi joto hilo ndani ya ufa wa ubao. Wao wanahamia tu upande wa kivuli. Tulichemsha maji kwenye sufuria kubwa ya shughuli tukayamimina moto huohuo kwenye kila ungio, kitanda kikiwa kimeshabomolewa, tukarudia baada ya siku kadhaa. Hatukuingiza ubao hata mmoja ndani kabla ya hapo. Ningekuwa na ushauri mmoja tu wa kutoa, ungekuwa huu, maana kunguni wakishaingia kwenye chumba na sebule hakuna chumba cha kukimbilia.

Fundi seremala tuliyemchukua kwa kutwa alinifundisha kitu ambacho nimekipenda hadi leo. Mbao za zamani zina misumari iliyokatikia ndani, kichwa hakionekani, na meno ya msumeno yakikutana nayo yameisha. Yeye alikuwa na sumaku ya duara aliyoitoa kwenye spika bovu, imefungwa kamba. Anaipitisha juu ya ubao polepole akiiacha ining'inie, na kila inapovutwa anaweka alama ya penseli. Ubao mmoja ulitoka na alama saba. Mbele ya macho yangu aliichimbua yote kwa patasi, ndipo akashika msumeno.

Mninga mkavu haupokei msumari. Unapinda, na ukilazimisha ubao unapasuka kwa urefu. Toboa kwanza kwa drili, tundu liwe jembamba kidogo kuliko skrubu, kisha isugue skrubu kwenye sabuni ya mche kavu. Inaingia bila kelele. Drili tulikodi kwa elfu tano kwa siku, hakuna haja ya kununua.

Chaga na mbavu zikatoa shelfu ya ngazi nne. Tuliifunga kwa bolti na nati badala ya misumari kwa sababu sisi ni wapangaji, na kodi ikipanda shelfu itabidi ilale chali juu ya kirikuu. Mambo mengine yalijitokeza tukishaanza kuitumia. Ubao wa futi nne ukibeba vyombo katikati unapinda, kwa hiyo tuliongeza nguzo ya kati. Tuliiacha mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, la sivyo nguo za nyuma zinaota ukungu. Miguu tukaisimamisha juu ya vifuniko vya makopo, unyevu wa sakafu usipande, na mchwa akianza kujenga njia yake ionekane. Fundi alitaka kuipaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa. Mafundi wengi hufanya hivyo na kwenye nguzo za banda sina ugomvi, lakini ndani ya nyumba ile harufu haitoki na nguo zinadoa. Tukapaka vanishi.

Shelfu ndefu lazima ishikwe ukutani kama kuna mtoto anayepanda. Hapo tukagongana na mwenye nyumba.

"Mama, ukuta wangu usiutoboe."

Tulisalimiana vizuri, nikamwonyesha yule mdogo anavyokwea meza, tukaafikiana matundu mawili yenye plagi na niyazibe kwa saruji siku ya kuondoka. Nimeyaandika kwenye karatasi, yeye na mimi tumesaini. Fanyeni hivyo, maana mdomo husahau ukifika wakati wa kudai.

Madumu ndiyo kitu rahisi kuliko vyote na ndiyo yenye hatari isiyoonekana. Dumu la njano la lita 20 la mafuta ya kula ukilikata ubavuni linakuwa droo nzuri ya shelfu. Shida ni kwamba madumu yanafanana. Lile unalouziwa mtaani huenda lilibeba mafuta ya kula, huenda lilibeba dizeli, huenda lilibeba dawa ya shamba. Plastiki inanywa kilichomo, na sabuni haitoi yote. Chombo cha kiuatilifu hakifai kwa matumizi yoyote nyumbani, hata kuwekea viatu. Ndoo za rangi za lita 20 zinafaa mkaa, viatu, vifaa vya fundi, na si unga wala mchele, hata zikioshwa hadi zikang'aa. Watu husema angalia ile pembetatu chini, ikiwa namba 2 au 5 ni salama. Namba hiyo inakwambia aina ya plastiki tu. Haikwambii ilibebeshwa nini baadaye. Mimi natumia kwa chakula yale tu niliyonunua na mafuta yangu ndani.

Mafuta yaliyobaki huchacha na kuita sisimizi, kwa hiyo osha kwa maji ya moto, sabuni na majivu. Kukata, wengi hutumia kisu kilichopashwa moto. Kinakata haraka, lakini moshi wake unakaba na ukingo unatoka na mabonge. Wembe wa msumeno wa chuma, uliofungwa tambara upande wa kushikia, unakata safi. Ukingo unabaki mkali wa kuchana mkono wa mtoto. Pasua mpira wa maji ya bustani kwa urefu, uvishe kwenye ukingo wote, umemaliza. Vitunguu tumevitobolea dumu lao pande zote ili vipate hewa.

Friji ilinipa kazi. Kila mtu alikuwa na wazo: itoe mlango, ikate, ilaze iwe sanduku. Sikukubali iguswe kabla fundi friji hajaja, kwa sababu ya gesi. Kwenye kibandiko cha nyuma au cha kompresa imeandikwa ni gesi gani. R12, ya friji za zamani sana, inakula tabaka la ozoni. R134a inaongeza joto la dunia. R600a, iliyo kwenye nyingi za siku hizi, inawaka moto, na kijana akikata mrija kwa msumeno huku sigara iko mdomoni mtaitana. Yetu ilikuwa R134a. Fundi aliitoa kwa mashine yake kwenye mtungi, akafungua kompresa akaichukua iwe malipo yake. Hatukutoa hela. Ulizia hivyohivyo kwako, kwa fundi kompresa bovu ni mali.

Halafu kuna watoto. Friji ni chumba kisichopitisha hewa na mtoto anapenda kujificha. Kwa sababu ya vifo vya namna hiyo Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 kwamba mlango wa friji lazima ufunguke kutoka ndani. Zile za zamani zenye kitasa cha kubana ndizo mbaya zaidi. Ya kwetu ilikuwa ya mpira wenye sumaku, na hata hiyo mtoto mdogo anaweza kushindwa kuisukuma. Tuling'oa mpira wote unaozunguka mlango, tukaweka kisumaku kidogo cha kabati ambacho unakifungua kwa kidole, na rafu za ndani tukaziacha ili mtu asiingie. Tukatoboa matundu ya hewa juu na chini na kuyaziba kwa wavu wa chuma. Bila hayo matundu inanuka uvundo, maana friji isiyo na umeme inahifadhi unyevu vizuri sana. Ukitoboa, vaa barakoa, ile povu ya ndani ya kuta ni vumbi baya.

Sasa imesimama kona ya sebule, ndiyo kabati la chakula. Panya mdogo bado anaweza kupenya nilipotoa mpira, kwa hiyo mchele, unga na mahindi viko kwenye ndoo za mafuta zenye mfuniko, ndani ya friji.

Mahindi yanatoka kijijini kwa mama mkwe, na chombo kinachobana hewa kikipewa mahindi mabichi kinazalisha kuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, na haitoki kwa kupika. Kuna kipimo cha chumvi ambacho hakihitaji mashine. Chukua chupa ya glasi kavu kabisa yenye kifuniko, weka kijiko cha chumvi kavu, jaza mahindi hadi kama robo ya chupa. Tikisa kwa dakika kadhaa, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye glasi, unyevu umezidi kama asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda yako chini ya hapo, lakini kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni asilimia 13.5, kwa hiyo mimi nayaongezea jua hata baada ya chumvi kuniambia ndiyo.

Jinzi zilikuwa starehe baada ya hayo yote. Unakata mfuko wa nyuma pamoja na kipande cha kitambaa kinachouzunguka, unapanga mifuko kwenye kava la zamani la godoro, fundi cherehani anashona. Mwambie aweke sindano namba 16, iliyo nyembamba zaidi ya hiyo inakatika kwenye mikunjo. Juu pita mpini wa ufagio, ning'iniza nyuma ya mlango kwa kulabu za waya mnene zinazoshika juu ya mlango, ukuta hauguswi. Chaja, mswaki, dawa za minyoo, funguo, kila kimoja kina mfuko wake. Vyeti na vitambulisho vipo kwenye bahasha ya plastiki ndani ya tranka. Mifuko ya nyuma ya mlango ndiyo ya kwanza kuonekana na mwizi.

Maboksi ya karatasi yaliyovishwa vitenge, yale mazuri ya kwenye video, nayasema kwa kifupi: mende wanakula gundi yake na kulala kwenye mikunjo yake, na masika ya kwanza chini yanalainika. Yangu nimeyachoma.

Gharama zote, ukijumlisha kitako cha tranka, rangi, magurudumu, bolti, fundi wa kutwa, drili, fundi cherehani, wavu na bajaji za kupeleka na kurudisha, zilifika laki moja na thelathini na ushee. Ni chini ya nusu ya kabati la Keko, na tumepata zaidi ya kabati. Ila sikuhesabu jioni na Jumapili zetu, wala ugomvi wa nani alipoteza nati. Na hela haikutoka kwa mkupuo. Tulifanya kimoja, tukakitumia, tukasubiri mwisho wa mwezi, tukaanza kingine, na nadhani ndiyo maana vingine vilitoka vizuri kuliko vya kwanza.

Juzi jirani wa chumba cha mbele amekuja kuniomba nimtengenezee shelfu kama ile. Kitanda chake cha zamani anacho, kimesimama ukutani huko uani. Nikaenda kukitazama. Paini, na nilipobonyeza ubavu kwa bisibisi ikazama hadi kwenye mpini, mchwa wamebakiza ganda. Nikampigia hesabu ya mbao mpya, fundi, vanishi na bolti.

"Si bora ninunue tu Keko, dada?"

Nikamwambia kwa kitanda hicho, ndiyo, nenda Keko. Lakini jinzi za mumewe asizitupe.